Pimbi, Kiboko na Vitabu Vyenye Wivu

"Mmeketi?"
"Tumeketi!"
"Masikio mmekuja nayo?"
"Tumekuja nayo!"
"Hadithi iingie?"
"Iingie, ikute mlango wazi!"

Haya, imeingia. Na wewe uliye kule nyuma, acha kuniuliza inaishaje. Nitafika huko kwa miguu yangu.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wanasoma na watu hawajajua hata kushika kalamu, kulikuwa na mwamba mkubwa, na juu ya mwamba aliishi Pimbi na bibi yake. Pimbi mnamjua. Mnyama mdogo, hana mkia, ukimwona utadhani panya aliyeshiba. Chini ya mwamba kulikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa aliishi Kiboko, ambaye sina haja ya kuwaeleza alivyo, maana hakuna asiyemwona.

Bibi Pimbi alikuwa na sanduku la vitabu saba. Vilikuwa vitabu vya mapenzi, vile vya kuliza watu, vya Mashavu binti wa msuka mikeka na jini Zahoro aliyeishi kisimani. Cha kwanza kilikuwa na namba moja mgongoni, cha pili namba mbili, hivyo hivyo mpaka saba. Kila alasiri, jua likishapoa na mwamba ungali na joto lake, Bibi alitoa kitabu, akalamba kidole, akafungua. Sauti ya Mashavu aliitolea puani. Sauti ya jini aliitolea tumboni. Na pale hasa jini anapotaka kusema neno la maana, Bibi alifunga kitabu, pap, akasema, "Tumwache Mashavu alale."

"Kidogo tu, Bibi," alisema Pimbi.

"Tumwache Mashavu alale."

"Basi niambie tu, jini atamwoa?"

"Hilo liko kwenye cha tano. Wewe uko cha pili, kaa hapo hapo. Ukishakipita hutakisoma tena ukiwa hujui kitu."

Alasiri zile, jamani. Mwamba unachoma tumbo kidogo kidogo, swala wamesimama chini wanajifanya wanakula majani, kumbe wanasikiliza, Kobe amefika tangu saa saba ili asichelewe. Pimbi aliweka kidevu mgongoni kwa Bibi, na kila Bibi alipomsemea jini, kidevu kilitetemeka, drrr, drrr. Hakujua kwamba hiyo ndiyo raha yenyewe. Nani hujua?

Walipomaliza cha sita, mwamba mzima ulilia. Bibi akafuta macho, akasema, "Cha saba wiki ijayo." Wiki iliyofuata Bibi hakuamka.

Pimbi hakulia. Kulikuwa na wageni wa kupokea, mikeka ya kutandika, vyungu vya kuosha. Alijiambia atalia akishamaliza vyombo. Vyombo vya msiba mnavijua, haviishi. Wageni walipoondoka, machozi yalikuwa yamekwisha kata tamaa ya kusubiri.

Ndipo Kiboko akapanda mwambani. Bwata, bwata, bwata. Kiboko alikuwa na tabia moja: kila alichokiona wenzake wanakitaka, alikitaka yeye, tena chote.

"Shikamoo, Mjomba," alisema Pimbi.

"Marahaba. Nasikia hapa watu wanalia kwa raha. Kinachowaliza kiko wapi?"

"Ni vitabu vya marehemu Bibi, Mjomba. Na cha saba hata mimi sijakisoma."

"Basi umeshazoea kukaa bila kukisoma," alisema Kiboko. Akafungua mdomo, akabeba sanduku zima, hap, akateremka nalo. Bwata, bwata, bwata. Alipofika chini akageuka. "Na ukinisumbua, navitupa majini. Chubwi."

Pimbi akabaki juu ya mwamba na vitabu sita kichwani na kimoja bwawani. Hakutaka kingine duniani ila kile cha saba, kwa sababu Bibi ndiye aliyemwahidi. Lakini nani atamnyang'anya kitu mnyama mwenye mdomo unaoweza kumlaza yeye na ndugu zake wote?

Kiboko akalala ukingoni, akatoa kitabu cha saba kwanza. Kwa nini ahangaike na vya mbele? Mwisho ndiko nyama ilipo, na wenye akili kama yake nawajua, wengine wako hapa wamekaa. Akasoma, mmh, mmh, akageuza kurasa kwa ulimi. Akamaliza. Akasubiri machozi. Hayakuja. Akajibana jicho, hayakuja. Akakasirika.

"We Pimbi!" aliita. "Njoo hapa! Mashavu ni nani? Bibi kizee mmoja anakwenda kisimani, jini anahuzunika, mimi nalilia nini? Vitabu vyenu vibovu. Naviloweka vyote."

Pimbi akashuka kiti, kiti, kiti, akasimama mbele ya pua ile kubwa, akainamisha kichwa.

"Mjomba, umeanza na kipi?"

"Cha saba."

"Basi kweli wewe ni mkubwa," alisema Pimbi. "Sisi wadogo huanza na moja kwa kuwa hatufiki juu. Mkubwa huanzia juu akashuka. Saba, sita, tano, mpaka moja. Machozi yako chini kabisa, kwenye cha kwanza."

Uongo mtupu. Wala hakupepesa jicho.

"Mbona hakuna hata tone njiani?" aliuliza Kiboko.

"Kwa sababu ya hicho ulichokilalia. Hivi ni vitabu vya mapenzi, Mjomba, vina wivu. Ukimaliza kimoja ukakiweka karibu na kingine, kile cha zamani kinanuna. Kikinuna, utamu unakauka. Kilichosomwa lazima kiondolewe, kikae mbali, kisione."

Kiboko akakitazama kitabu cha saba. Kilikuwa kimejikunja pembe kwa mate yake, na ukikitazama kwa nia hiyo, kweli kilikuwa kimenuna.

"Kiondoe hapa," alisema. "Usikirudishe mpaka nikuambie."

Pimbi akakibeba kichwani, kiti, kiti, kiti, mpaka juu. Alipofika akacheka, kwi, kwi, kwi, akagaragara. Swala waliokuwa chini walicheka pia, ila kwa adabu.

Kiboko akasoma cha sita. "Pimbi ee, njoo uchukue chenye wivu." Pimbi akashuka, akachukua, akapanda.

Kiboko akasoma cha tano. "Pimbi ee, njoo uchukue chenye wivu. Hivi kumbe harusi yao ilinyeshewa?" Pimbi akashuka, akachukua, akapanda.

Kiboko akasoma cha nne, polepole. "Pimbi ee, njoo uchukue chenye wivu. Kumbe walikuwa wamegombana, na barua aliificha shangazi!" Pimbi akashuka, akachukua, akapanda.

Cha tatu alikisoma bila kwenda malishoni. Cha pili alikisoma midomo ikicheza, na alipokimaliza alikaa nacho kwanza. Sauti yake ilipoita ilikuwa ndogo. Pimbi akashuka, akachukua, akapanda.

Sasa mtauliza, Pimbi si anacho cha saba, amekisoma? Hajakifungua. Kila siku alijiambia, acha kwanza sanduku lijae. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kikiisha hicho, hakuna tena kitu duniani ambacho Bibi alimwahidi na bado hakijafika.

Kikabaki cha kwanza. Pimbi akasubiri aitwe. Kimya. Akateleza mpaka bwawani, akamkuta Kiboko amekishika kitabu kifuani, analia. Halii kidogo. Analia hooo, hooo, vyura wamehama ukingo.

"Mjomba, una nini?"

"Ndiyo kwanza wanaonana," alisema Kiboko. "Mashavu amekuja kuteka maji. Jini yumo ndani anamtazama. Amejaza mtungi, ameondoka, hata salamu hawajapeana. Na mimi najua yote, Pimbi. Najua watakavyopendana, najua watakavyogombana, najua siku ya mwisho. Wao hawajui kitu. Mtazame alivyo kijana, mtazame anavyotembea."

Pimbi akakitazama kile kitabu. Alikuwa amemwambia uongo ili aponye vitabu vyake, na kule chini kabisa, kwenye cha kwanza, machozi yalikuwepo kweli.

"Nipe na hicho, Mjomba," alisema mwishowe. "Kina wivu."

"Hiki sikitoi." Kiboko akapenga pua. "Na wewe, kile cha saba ulikionaje?"

"Sijakifungua."

"Siku zote hizi?"

"Naogopa," alisema Pimbi. Hakuwa amepanga kusema hivyo. "Kinauma?"

"Mimi sikulia. Nilikuwa simjui mtu hata mmoja."

"Mimi nawajua wote, Mjomba."

Kiboko akafikiri. Kiboko akifikiri huchukua muda. "Kilete," alisema. "Nitasoma mimi. Wewe sikiliza tu."

Pimbi akakileta, akakaa juu ya bega lile lenye joto. Kiboko akaanza. Sauti ya jini haikumpa shida, alikuwa nayo tumboni tangu kuzaliwa. Sauti ya Mashavu alijaribu kuitolea puani, ikatoka na maji, pruuu, ukurasa ukalowa, na Pimbi akacheka akiwa na roho mkononi. Wakasoma mpaka Mashavu akawa mzee, mikono inatetemeka, anakwenda kisimani kwa fimbo. Akafika. Jini akamwambia, kama alivyomwambia tangu ujana wake, "Leo nikubebee mtungi?" Miaka yote Mashavu alikataa, watu wasije wakaona mtungi unatembea hewani peke yake. Siku hiyo akasema, "Beba."

Mtungi ukainuka, ukashika njia. Mashavu akaufuata, polepole, anasimama, anapumzika, anaufuata. Mtungi ukafika nyumbani, ukatua mlangoni bila kumwaga tone. Ukangoja. Mashavu hakufika.

Kiboko akafunga kitabu, taratibu.

Pimbi akamlilia Mashavu. Alipommaliza Mashavu hakuweza kunyamaza, akamlilia Bibi, kwa mara ya kwanza tangu azikwe, akalia kilio cha wageni wote wale na cha vyungu vyote vile. Kiboko hakumwambia nyamaza. Alijisogeza tu upande upepo ulikotoka, akamkinga.

Hadithi yangu imefika, nami nimefika nayo. Aliyeipenda aende nayo kwao, asiyeipenda anirudishie, nina wajukuu wengine.

Ah, fundisho. Najua mnalisubiri, hamwondoki bila fundisho. Basi hadithi hii inatufundisha kwamba vitabu husomwa kwa mpangilio wake, moja mpaka saba, na mlafi anayeanza na mwisho haambulii kitu, wala halii. Inatufundisha pia kwamba uongo haumfikishi mtu popote. Na mkipita bwawani mkamwona Kiboko kazama mwili mzima, macho tu ndiyo yako juu, mekundu, msimwulize kitu. Yuko kwenye cha pili tena, anashuka.