Mihrabu Iliyopinda

Wamesimulia waliotutangulia kwamba palikuwa na mwashi mcha Mungu aliyeitwa Mundhir, katika mji ulio mashariki ya Makka, ambako watu huswali wakielekea magharibi. Msikiti wa mji ule aliujenga yeye, na kwa miaka arobaini watu walimwita Baba Kibla. Hakuna jina alilolipenda kuliko hilo.

Alipokuwa na miaka sabini alimkuta Bi Rayhana, mjane msukaji mikeka, amesimika fimbo uani na kuchora duara kuizunguka.

"Bibi, wamfunga nani humo?" akamtania.

"Nalifunga jua, mzee wangu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha. Ncha ya kivuli ikigusa duara asubuhi, naweka jiwe. Ikigusa tena alasiri, naweka la pili. Mstari wa kutoka jiwe hili hadi lile ndio mashariki na magharibi, bila kubahatisha."

Mundhir akavua viatu, akaketi mchangani. "Nifundishe."

Majirani wakacheka. "Mzee, sanda inakungoja, nawe ndiyo kwanza waingia chuoni?"

"Basi na inikute chuoni," akajibu.

Akajifunza. Alikosea, akafuta, akachora upya. Mawingu yalipotanda, alingoja. Alipoiweza kazi ile akaenda kuupima msikiti wake, na tazama, mihrabu ilikuwa imepinda kushoto. Akapima siku saba, jibu likawa lile lile. Ndipo akakumbuka: siku ya kuweka msingi alifuata mahali jua lilipozama, nayo ilikuwa majira ya baridi, ambapo jua huzama upande wa kusini zaidi. Wakati ule hakujua kwamba machweo huhama.

"Tunaojua ni wawili tu," Bi Rayhana akamwambia kwa huruma. "Jina lako je?"

"Jina hilo nililipata nikiwa sijui, bibi. Sasa najua."

Ijumaa, baada ya swala, alisimama mbele ya watu. "Ndugu zangu, mihrabu hii niliipinda. Kibla kiko kulia kwake."

Msikiti ukavuma. Imamu akauliza kwa ukali, "Miaka arobaini, Mundhir! Swala zetu umezipeleka wapi?"

"Hilo, shehe, wewe walijua kuliko mimi."

Imamu akaigeukia mihrabu, akaipima kwa macho. "Aliyejitahidi akakosea hana lawama," akasema hatimaye. "Lawama ni ya ajuaye akanyamaza. Lakini kuta hizi hatuna uwezo wa kuzibomoa."

"Kuta ziacheni," akasema Mundhir. Akamwomba Bi Rayhana asuke mikeka mipya yenye mistari myeusi ya mshazari, ya kuwaonyesha watu pa kupanga safu. Kuta zikabaki zilivyokuwa, na safu zikageuka.

Tangu hapo wengine walimwita Fundi Kombo. Aliitika. Na asubuhi ya pili alikuwa tena uani kwa Bi Rayhana.

"Bibi, kuhama kwa machweo nimekuona. Sasa niambie, kwa nini yanahama?"

"Wallahi, hilo sijui."

"Basi sogea hapa kivulini, tulitafute."

Enyi waumini, mlango wa elimu haumuulizi mtu umri wake, wala alitoka lini darasani. Tusione haya kuanza upya. Mola atujaalie mauti yatukute tukiuliza.