Udongo Mwekundu Usoni pa Mwezi

Zamani Mwezi alitembea kwa miguu. Alikuwa mwanamke kama wanawake wengine, akiamka na umande, akibeba kuni, akilala katika nyumba yake ya udongo kwenye kijiji cha wafinyanzi kilichoitwa Irindi. Juu angani usiku zilikuwako nyota tu. Watu waliotaka mwanga wa kutembelea jioni walimwita yeye, naye alitoka na uso wake wa mviringo, laini, usio na doa, akawatangulia njiani. Hakuwahi kujifunika uso huo. Hakuwa na sababu.

Ninyi mnaoniuliza kwa nini Mwezi hupatwa, na kwa nini kupatwa kulekule hurudi baada ya miaka mingi kama mtu aliyeweka ahadi, tulieni niwaambie. Msitazamie joka linalomeza wala vita vya mbinguni. Habari hii ni ya aibu.

Watu wa Irindi walichoma vyungu mara moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka hadi shina. Kila nyumba ilileta kazi yake: vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, vyombo vya kuhifadhia mbegu. Vyote vilipangwa katika shimo moja pana, vikazungukwa na kuni na samadi kavu, kisha juu vikafunikwa kwa nyasi na vigae vya vyungu vya zamani. Moto ukishashika, uliachwa upoe wenyewe mpaka asubuhi ya pili. Mlinzi mmoja alikaa kando, ameupa moto mgongo. Ndiyo desturi yao, kwa kuwa asiyetazama hashawishiki kufunua. Chungu kilichoiva kikipigwa na upepo wa baridi hupasuka, na kimoja kikipasuka huenda na jirani zake.

Kwa hiyo palikuwa na sheria. Aliyefunua moto kabla ya wakati alipakwa udongo mwekundu uso mzima, akapelekwa kwenye machimbo ya udongo, mwendo wa siku kumi na moja, akachimbe huko. Kila asubuhi alijipaka upya. Kipimo cha adhabu kilikuwa mtoto aliyezaliwa mwaka uleule: mtoto huyo akitimiza miaka kumi na minane, umri wa kuchoma chungu chake mwenyewe, aliyehukumiwa aliweka jembe chini akarudi. Na udongo ule hakuuosha mwenyewe. Uliondolewa na mkono wa mtu wa nyumba yake, mbele ya watu wote.

Mwaka mmoja Mwezi alifinyanga mtungi. Aliusugua kwa kokoto ya mtoni siku saba, asubuhi na jioni, mpaka ukang'aa, mpaka akainama akauona uso wake kwenye ubavu wa mtungi. Wenzake walimcheka.

"Shoga, mtungi huo unaufinyanga au unaolewa nao?"

"Mwacheni," akasema mwingine. "Amepata mtu wa kumtazama."

Mwezi alicheka nao, lakini moyoni alikuwa na hofu moja ndogo. Je, mng'aro ule utauvuka moto?

Mtungi uliingia shimoni pamoja na vyombo vingine. Zamu ya kulinda ilimwangukia Nakiete, mjane wa kaka yake Mwezi. Nakiete alikuwa mgeni pale, ameolewa kutoka ng'ambo ya mlima, na mumewe alifariki hata kabla ya kumwona mtoto wao. Mtoto huyo, Namkunda, alikuwa na miezi miwili tu. Nakiete alikaa akimnyonyesha, mgongo kwenye moto, uso kwenye bonde.

Alasiri akasikia hatua.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, wifi. Napita tu."

"Basi pita taratibu. Huyu ndiyo kwanza anasinzia."

Mwezi akapita. Alipofika upande wa pili wa shimo alisimama. Alijiambia: vigae viwili tu, kwa kitambo cha kupumua mara moja. Akachukua kijiti, akainua vigae viwili, akachungulia. Mtungi wake ulikuwa mwekundu kama kaa, na haukung'aa wala haukufifia. Uliwaka tu, na hakuna uso wowote alioweza kuuona humo. Upepo wa bondeni ukaingia pale pale. Akarudisha vigae upesi, akaenda zake. Hakuwa amefika nyumbani aliposikia nyuma yake: ta! Kisha: ta! ta! Kisha mfululizo, kama mvua ya mawe juu ya majani makavu.

Kijiji kizima kilikimbilia shimoni. Katika nyumba zote za Irindi hakuna iliyopata chombo kizima mwaka ule, na vigae viwili vilikuwa vimekaa upande.

Mkuu wa moto, bibi mmoja mkali aliyeitwa Namangi, alimsimamisha Nakiete katikati.

"Nani amefunua?"

"Si mimi, bibi."

"Ni nani, kama si wewe?"

"Nilikuwa nimeupa moto mgongo, kama mlivyonifundisha. Siwezi kumtaja nisiyemwona. Aliyefanya yupo hapa, naye anasikia."

Akamwachia nafasi mtu yule ya kusema. Watu wakatazamana. Mwezi alitazama vidole vya miguu yake. Neno lilimfika kooni, lilikuwa fupi, lilikuwa tayari, lakini aliwaza jinsi uso wake ungekuwa ukishapakwa udongo, na neno likarudi chini.

"Maneno yako hayashiki maji, kama mitungi yetu ya leo," akasema Bibi Namangi. "Kwenu mnateka maji kwa mabuyu. Hasara ya chungu mngeijulia wapi?"

Wengine walicheka. Nakiete akapakwa udongo siku ileile. Mtoto, kwa kuwa ndiye kipimo, hakuruhusiwa kwenda naye. Aliposimama kwenye mpaka wa kijiji, alimweka Namkunda mikononi mwa Mwezi, na macho yake ndani ya ule wekundu yalikuwa meupe sana.

"Wifi, kama una neno la kuniambia, niambie sasa."

"Nenda salama, wifi," akasema Mwezi. "Nitamlea."

Hilo tu.

Naye alimlea kweli. Alimtafutia maziwa kwa jirani, alimbeba mgongoni shambani, alimsuka nywele, alimfundisha kukanda udongo na kukisikiliza chungu kwa kukigonga na ukucha. Mtoto alimpenda kama watoto wanavyowapenda wale waliowaamkia usiku wakilia. Akamwita Shangazi, na neno hilo likawa ndilo jambo tamu kuliko yote katika maisha ya Mwezi, na kila lilipotamkwa lilimchoma.

Kila mwaka alisema, mwaka huu nitamwambia. Akikua kidogo. Akiacha kuogopa giza. Akipona homa hii. Ukweli ule ulikuwa kama udongo ulioachwa juani: siku ya kwanza ungeweza kuukanda kwa kidole, mwaka wa kumi ulihitaji nyundo.

Wakati huo watoto wa kisimani walikuwa na wimbo wao. "Mvunja vyungu kazaa! Mvunja vyungu kazaa!" Namkunda alipigana nao, akashindwa, akapigana tena. Baadaye aliacha kupigana, akawa anakwenda kuteka maji wa mwisho, kisima kikishatibuka.

"Shangazi, kwa nini mama alifanya vile?"

"Usiwasikilize," Mwezi alimjibu. Hakusema kwamba mama yake hakufanya.

Basi binti akakua akimwonea aibu mama asiyemjua. Alipotimiza miaka kumi na minane alichoma chungu chake cha kwanza, kikatoka kizima, na siku hiyohiyo kule machimboni Nakiete aliweka jembe chini. Alitembea siku kumi na moja. Jua lilipochomoza alikuwa amesimama kwenye mpaka wa kijiji, uso mwekundu, mikono imepasuka, akingoja mtu wa nyumba yake aje na maji.

Hakuna aliyekuja. Watu walitoka, wakatazama kutoka milangoni, wakaendelea na kazi. Jua likapanda. Likafika utosini. Likaanza kuinama.

Ndani ya nyumba Namkunda alikuwa ameketi, kibuyu cha maji miguuni.

"Sitoki, Shangazi. Nimwoshe uso ule mbele ya wote wale? Wataanza tena wimbo wao. Hata jina lake nalionea haya."

"Ni mama yako."

"Mama yangu ni wewe."

Mwezi alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka kumi na minane. Angeweza kuyachukua akanyamaza. Nakiete angegeuka akarudi alikotoka, na binti angebaki wake, wake kabisa. Alijua hivyo. Alikisogeza kibuyu karibu na binti, kisha akasema:

"Namkunda, mama yako hakufunua moto. Nilifunua mimi."

"Unasema hivyo ili nitoke."

"Niliinua vigae viwili nikatazama mtungi wangu. Yeye alikuwa anakunyonyesha."

Binti akamtazama.

"Ulipokuwa unanisuka nywele, ulijua?"

"Nilijua."

"Niliporudi na damu mdomoni kutoka kisimani?"

"Nilijua, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

Namkunda akachukua kibuyu, akatoka mbio. Ilikuwa saa nane ya mchana. Mbele ya kijiji kizima alimwosha mama yake uso kwa viganja, polepole, paji, mashavu, kidevu, na maji mekundu yakatiririka mpaka miguuni mwao. Uso uliotokea chini ya udongo ulikuwa wa mwanamke mtu mzima ambaye hakuna aliyemfahamu.

Mwezi aliwafuata. Aliyasema yote kwa sauti, kila mtu akasikia, kisha akapiga magoti.

"Nilijua," akasema Nakiete. "Nilikusikia ukipita. Nilikungoja useme, wifi. Mpakani pale nilikungoja. Hata njiani niligeuka mara mbili."

"Nipe hukumu."

"Sina. Nimebeba hukumu miaka kumi na minane, mikono yangu haina nafasi ya nyingine."

Akamshika binti yake mkono, wakaelekea nyumbani, wakaingia ndani, mlango ukafungwa. Bibi Namangi, aliyekuwa sasa kikongwe wa mkongojo, aliinamisha kichwa. Waliocheka siku ile walitafuta kitu cha kufanya kwa mikono yao. Hakuna aliyemtukana Mwezi, na hilo lilikuwa gumu kuliko tusi.

Mwezi akazoa ule udongo uliolowa chini, akajipaka mwenyewe. Kisha akaanza kuzunguka nyumba ambazo vyombo vyake vilipasuka, kila nyumba na siku yake, akisimama mlangoni na uso mwekundu, akisema alilolitenda. Alipomaliza nyumba ya mwisho hakuweza kukaa tena kati ya macho ya watu. Aliupanda mlima wa Irindi. Mlima ukaisha, naye akaendelea kupanda.

Na kuanzia hapo mpaka leo Mwezi yuko juu, na ahadi aliyojiwekea haijamtoka. Kila nyumba aliyoikosea huirudia baada ya muda uleule aliopotezewa Nakiete: miaka kumi na minane ya machimboni, siku kumi na moja za njiani, na ile theluthi ya siku ambayo mama yule alisimama mpakani bila mtu kumwosha. Nyumba zilikuwa nyingi, ndiyo maana kupatwa ni kwingi na hakungoji miaka yote hiyo kati ya kumoja na kwingine. Lakini kila kumoja ni kwa nyumba yake, na kwa nyumba yake hurudi bila kukosa. Hujipaka uso ukiwa umejaa, mviringo kamili, kwa kuwa ndio uso alioujivunia. Udongo huanzia ukingoni, ukasambaa, mpaka uso wote ukawa mwekundu, na kisha huuondoa kidogo kidogo, kwani hana mtu wa kumwosha.

Ile theluthi ya siku ndiyo inayotuchanganya sisi. Kwa ajili yake, kupatwa kulikoonekana juu ya mapaa yetu, kipindi chake kikitimia, hutukuta mchana, na watu wa nchi za mbali za magharibi ndio wanaokuona. Mara inayofuata huwa zamu ya wengine, mbali zaidi. Mara ya tatu ndipo kunaturudia sisi, miaka hamsini na minne na mwezi mmoja hivi tangu tulipokuona. Mtu hukuona akiwa mtoto mgongoni, akakuona tena akiwa na wajukuu, na ni wachache wanaokuona mara mbili wakiwa na akili zao.

Ndiyo sababu huku kwetu, uso wa Mwezi ukianza kuwa mwekundu, hatupigi ngoma wala madebe. Milango huachwa wazi. Yeyote aliyenyamaza mwenzake akiadhibiwa kwa kosa lisilo lake huondoka kwake, akaenda kubisha hodi kwa mwenzake huyo, akasema alilolificha kabla udongo haujatoka usoni pa Mwezi. Baadhi hupokewa, na baadhi husikilizwa tu, mlango ukafungwa. Na wapo wanaofika kizingitini, wakasimama pale na neno lao kooni, mpaka mwanga ukarudi ukawaonyesha, wakageuka wakaenda kulala. Hao, kupatwa kwao hakutawarudia mpaka miaka hamsini na minne ipite.