Mtoto Aliyekalia Furushi

Watu wengi hudhani miguu haina haki ya kutoka nje mpaka ipewe sababu: kuchota maji, kwenda sokoni, kuzika. Wahenga hawakuona hivyo. Walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Maana yake ni kwamba anayetoka bila shughuli anaweza kukuta njiani jambo ambalo aliyebaki mlangoni hatalikuta, hata akikaa mpaka nywele zigeuke pamba. Maneno haya hayakutungwa ili kupamba ukuta wa darasa. Yaliwatokea Tambwe na mkewe Capitoline, wakimbizi wa kutoka Baraka, upande wa Fizi, waliokuwa wakiishi kambi ya Dzaleka nchini Malawi miaka ile ambayo Kongo ilikuwa ikiwaka kama nyika ya kiangazi.

Tambwe alifyatua matofali. Capitoline alikuwa mshonaji mwenye mikono myepesi. Walikuwa na mtoto mmoja, Gentille, wa miaka sita. Katika nyumba yao ya udongo mlikuwa na kitanda cha fito, mkeka, cherehani, na furushi. Wakati huo karibu kila nyumba ya Dzaleka ilikuwa na furushi nyuma ya mlango: sufuria, blanketi, nguo mbili tatu, vyote vimefungwa ndani ya kitenge, tayari kwa siku mbaya. Mtu aliyekwisha kukimbia mara moja hafungui mizigo yote.

Lakini furushi la Tambwe lilikuwa na mlinzi. Gentille alilikalia kutwa. Alikula juu yake, akasinzia juu yake, na mama yake akitaka kwenda bombani, mtoto alilikumbatia kwa mikono miwili, akakataa kuachwa. Shule ilifunguliwa, wenzake wakaenda, yeye hakwenda. Capitoline naye akawa mfungwa. Kwaya ya kanisa ilimsubiri awashonee sare, naye hakuweza kwenda Lilongwe kununua kitambaa, kwa sababu hakuweza hata kuvuka uchochoro.

Chanzo chake kilikuwa hiki. Mwaka wa tisini na nane, askari walipoingia Baraka, ilikuwa asubuhi, watu wanakunywa chai. Tambwe alinyakua mzigo mmoja, Capitoline akanyakua mwingine, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amemshika mtoto. Walipofika ziwani penye mitumbwi wakatazamana. Walikuwa na mafurushi mawili, mtoto hawana. Tambwe alirudi mbio, risasi zikilia, akamkuta Gentille ameketi kimya pale pale furushi lilipokuwa. Hakuwa akilia. Alikuwa amekwisha kuelewa jambo moja, na hakuna aliyeweza tena kulitoa kichwani mwake: watu wakikimbia wanaweza kusahau mtoto, ila hawasahau furushi.

Tangu Kigoma mpaka Mbeya, tangu Mbeya mpaka Karonga na kushuka Dzaleka, mtoto na furushi walikuwa kama kupe na mkia wa ng'ombe. Capitoline alimpikia, akamwogesha, akamsuka nywele, lakini kumtazama machoni hakuthubutu.

Jumapili moja, baada ya ibada, Tambwe alimwambia mkewe, "Mama Gentille, twende tutembee."

"Wapi?"

"Popote."

"Kufanya nini?"

"Kurudi."

Capitoline akamtazama kama mtu anayempima homa. "Mi sielewe, Baba Gentille."

"Huyu mutoto anajua kutoka tu. Tangu azaliwe, tukifunga mulango haturudi. Hajaona bantu banatoka na banarudi. Njo tumuonyeshe."

"Hataacha ule muzigo."

"Basi tutaenda nao."

Wakatoka: Tambwe na furushi kichwani, Gentille ameshika ncha ya kitenge iliyoning'inia nyuma, Capitoline na chupa ya maji. Kwenye nyumba ya pili aliketi Bigirimana, mzee wa Kirundi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kucheza bao tangu jua likitoka mpaka likiingia, na kama hakuna mwenzake, alicheza na mkono wake wa kushoto.

"Eh, Tambwe! Munahamia wapi?"

"Tunatembea, muzee."

"Kutembea kwa nani?"

"Kutembea bure."

Bigirimana akapiga paja. "Alors, umekuwa muzungu? Muzungu anatembea bure juu iko na motokari ya kumurudisha. We utarudishwa na nini?"

"Na njaa," Capitoline akajibu, na uchochoro mzima ukacheka. Ilikuwa siku nyingi tangu watu wamsikie akitania.

Siku hiyo walipanda kilima kimoja tu. Njiani wanakijiji wa Kichewa waliwasimamisha kuwauliza, "Mukupita kuti?" yaani mnakwenda wapi, na Tambwe akajibu kwa Kichewa chake cha kuokoteza, "Tikuyenda chabe," tunatembea tu. Mama mmoja alicheka mpaka akaketi chini. Watu wazima wenye mzigo kichwani wanatembea tu! Akawapa karanga mbichi za kujaza mifuko. "Zikomo, mama, zikomo," Capitoline akashukuru, na wakala karanga juu ya jiwe huku upepo ukiwapuliza jasho. Kisha wakashuka, wakafungua mlango wao. Gentille alisimama kizingitini akiangalia kitanda, mkeka na cherehani kana kwamba hakutegemea kuvikuta. Halafu akaliweka furushi mahali pake, akalikalia.

Jumapili iliyofuata wakatoka tena, na nyingine tena. Walikwenda Lumbadzi, penye uwanja wa ndege, kutazama ndege zikitua. Ndege ya kwanza ilipounguruma, Gentille alijitupa juu ya furushi uso chini. Ya pili alifungua jicho moja. Ya tatu aliuliza, "Nayo inarudi?" Baba yake akamwambia, "Inarudi. Inashusha bantu, inarudi." Mtoto akakaa akilifikiria jambo hilo mpaka waliposimama kuondoka.

Waliomba ruhusa kwa wakuu wa kambi, wakadandia gari la mizigo, wakafika mpaka Lilongwe, wakaketi kwenye majani chini ya Capital Hill, kilima cha ofisi za serikali, furushi katikati yao kama mgeni wa heshima. Mlinzi akawajia.

"Leo ni Jumapili. Ofisi zimefungwa."

"Tunajua, bwana," Tambwe akasema.

"Mmefuata nini basi?"

"Majani yenu ni mazuri."

Mlinzi akalitazama furushi. "Hapa halali mtu."

"Hatulali. Jioni tunarudi kwetu, Dzaleka."

Capitoline aligeuza uso. Hakuwahi kumsikia mumewe akiiita Dzaleka kwetu. Mlinzi naye, labda alikuwa mpweke kati ya majumba yale makubwa, akachuchumaa, akawaonyesha ofisi ya nani ni ipi, akamvunjia Gentille kipande cha muwa wake. Mtoto alikitafuna huku mkono mmoja uko kwenye fundo.

Ndivyo walivyokwenda miezi kadhaa. Mtoto alitembea, mtoto alirudi, lakini furushi halikubaki nyumbani hata siku moja. Capitoline akaanza kufa moyo. "Tutabeba huu muzigo mpaka aolewe," alinong'ona. Tambwe alijikuna kichwa mahali ambapo nywele zilikuwa zimeanza kuisha kwa mzigo.

Mvua ziliponyesha, yule mama wa karanga aliwaahidi kuwaonyesha uyoga unaolika. Uyoga hausubiri jua. Kwa hiyo Jumapili hiyo waliomba radhi kanisani, wakaondoka alfajiri, na kwa kuwa mawingu yalikuwa yakikusanyika, walikwenda kwa haraka. Wiki hiyo hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba mji mwingine wa Kongo umeanguka. Mtu mmoja aliyekuwa akipiga mswaki alimwona Tambwe akikaza mwendo, mzigo kichwani, mke na mtoto nyuma. Akaacha mswaki mdomoni, akaingia ndani kumwamsha mkewe.

Walirudi alasiri na kikapu kilichojaa uyoga mweupe, mnene, wenye harufu ya udongo. Walipokata kona ya uchochoro wao wakasimama. Kila mlango ulikuwa umefungwa, na mbele ya kila mlango watu walikuwa wameketi juu ya mafurushi, viatu miguuni, watoto wamefungwa migongoni. Bigirimana alikuwa amekalia godoro lililokunjwa, ubao wa bao umefungwa kifuani kwa kamba. Mkewe, Sabine, aliinuka mbio.

"Baba Gentille! Umesikia nini? Utuambie nasi, tuko bantu!"

"Sijasikia kitu, mama."

"Sasa mulikuwa munakimbia nini asubuhi?"

Tambwe akatazama kikapu. "Uyoga."

Kisha hasira ikalipuka kama maharage yaliyosahaulika jikoni.

"Uyoga! Mi nimefunga watoto tangu asubuhi, hatujakula!"

"Kutembea bure, kutembea bure, utatuua na kutembea kwako!"

"Sikiliza, Tambwe," Sabine akasema. "Kuanzia leo musitoke tena na huu muzigo. Muzigo ukitoka, roho zetu zinatoka. Muuache, ao mukae."

Wote wakaitikia. Tambwe aliinamisha kichwa, maana walisema kweli, na Capitoline akahisi mlango uliokuwa umeanza kufunguka ukifungwa tena. Bila furushi mtoto hatoki. Mtoto asipotoka, atazeekea nyuma ya mlango.

Ndipo Gentille alipoiachia ncha ya kitenge.

Alikuwa akiwatazama watu wale mmoja mmoja: wanaume wenye ndevu, wanawake waliozaa mara saba, wote wameketi kama anavyoketi yeye, mikono wameikaza kwenye mafundo. Hakuwa amewahi kuona sura hiyo kwa nje. Akamwendea Bigirimana.

"Muzee, unakalia godoro juu ya nini?"

Mzee alikohoa. Hakuna aliyezoea kumsikia mtoto huyo akisema na mtu. "Ili nisiachwe, mwanangu."

"Hakuna mutu anaenda," Gentille akamwambia taratibu, kama mtu mzima anayembembeleza mgonjwa. "Ni kutembea tu. Unatoka, unafika kule, unarudi." Akachukua uyoga mmoja kikapuni, akauweka kwenye kiganja cha mzee. "Unaona? Huu uko wa kule. Na sisi tuko hapa."

Bigirimana aliugeuza uyoga, akautazama juu na chini. Midomo ilimcheza. Akafungua kamba ya kifuani.

"Mama," Gentille akageuka, "sufuria kubwa iko wapi? Hawajakula."

Capitoline akalitazama furushi kichwani mwa mumewe. "Iko ndani ya muzigo."

Tambwe alilishusha furushi. Gentille akapiga magoti, akashindana na fundo kwa vidole, likakataa, akalivuta kwa meno mpaka likalegea. Akatoa blanketi, akatoa nguo, akatoa sufuria iliyokuwa haijaona moto tangu Baraka, akampa mama yake. Capitoline aliipokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ziwani, akamtazama mwanawe machoni. Mtoto hakukwepa.

Uchochoro mzima ulikula. Mmoja alileta chumvi, mwingine nyanya, mwingine unga wa ugali, ule ambao wenyeji huuita nsima. Wengine walipika wakiwa bado na viatu vya safari.

"Mi nimekaa juu ya godoro siku nzima," Bigirimana akalalamika huku akilamba vidole, "nimepata maumivu ya kiuno. Hawa bamepata uyoga."

"Njo ujifunze," Sabine akamwambia. "Jumapili na weye utatembea."

"Na ubao wangu?"

"Ubao utabaki!"

Gentille alianza shule muhula ule ule. Kitenge cha furushi Capitoline alikifua, akakishona kuwa gauni la Gentille. Na siku moja, baada ya kuulizana mara tatu nne kitandani, mume na mke walimwacha mtoto kwa Sabine, wakaenda Lilongwe wawili tu, kununua kitambaa cha kwaya. Njia nzima Capitoline aligeuka kutazama nyuma. Gari lilipopita Kanengo, kwenye maghala ya tumbaku, alimshika mumewe mkono. "Baba Gentille, turudi." Tambwe akamwambia, "Tutarudi. Njo maana yake ya kutembea." Walinunua kitambaa, hawakukaa hata kupumzika.

Walipofika kambini, jua lilikuwa bado lipo. Mlango wao ulikuwa umefungwa. Kwa Sabine mtoto hayupo. Capitoline akashika ukuta.

"Gentille iko wapi?"

"Ameenda kule bondeni na benzake," Sabine akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akipeta. "Amesema anatembea."

"Na mulango nani amefunga?"

"Yeye njo amefunga."

Basi wakaketi mbele ya mlango wao, kitambaa magotini, wakingoja. Walijua sasa uzito wa kungoja ulivyo, na ni nani aliyeubeba kabla yao.

Gentille alitokea na wenzake watatu, matope mpaka magotini, kiatu kimoja mkononi. Mama yake alikuwa amejiandaa kwa mtoto atakayekuja mbio akilia. Haikuwa hivyo. Gentille aliwaona, wala hakushtuka, wala hakuharakisha. Alikuja kwa mwendo wake ule ule, kama mtu anayewakuta wazazi mahali ambapo wazazi hukutwa.

"Mumerudi?" akauliza. "Mumeniletea mandazi?"

Capitoline alimpa mandazi. Kisha akajifunika uso kwa kitambaa kipya cha kwaya, akalia, na kila alipoulizwa analia nini, alisema, "Asante. Asante, Mungu wangu." Tambwe alizunguka nyuma ya nyumba, akavua kofia, akajifuta nayo macho.

Gari lililowachukua walilipa, kitambaa walilipa, mandazi walilipa. Lakini imani ya mtoto yule haikuuzwa Lilongwe wala haikugawiwa na shirika lolote. Waliipata kwa kupanda vilima bila shughuli, kutazama ndege za watu wengine, na kuketi kwenye majani yasiyo yao. Anayetaka kuwacheka na aje, lakini asije ameketi, kwa maana mtembea bure si sawa na mkaa bure.