Tanga Lililokunjwa Vizuri

Palikuwa na mume na mke, wapendwa, waliouza nyumba yao wakanunua meli. Msicheke. Ilikuwa meli kuukuu ya kuvulia samaki, imestaafu kama wao wenyewe. Wakaondoa mitambo ya nyavu, wakaweka kitanda na jiko, wakawa wanasafiri kutoka nchi hii hadi ile. Waliweza kukaa baharini wiki nzima bila kuona nchi kavu.

Meli ilikuwa na injini, na ilikuwa na mlingoti na tanga. Mume, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa injini, akakaa akapiga hesabu. Akamweleza mkewe kwamba chombo chao ni kizito na tanga lile ni dogo, litawapunguzia mafuta kidogo mno. Wakienda polepole tu kwa injini wataokoa zaidi. Na tusimwonee, alikuwa sahihi.

Lakini mke alikuwa binti wa baharia. Tanga lile alilishona baba yake kwa mkono, uzeeni, mwaka ule ule waliponunua meli.

"Basi tusilitupe, mzee wangu," akasema. "Tulitunze."

Wakalitunza kwelikweli. Kila Krismasi walilitoa sandukuni, wakalitandaza juu ya meli, wakala pilau wameketi juu yake. Mke alisimulia jinsi baba yake alivyoimba akivuta kamba, akauimba wimbo wenyewe, hadi wote wawili wakatokwa na machozi. Kisha wakalikunja kwa kufuata mikunjo ile ile, wakalirudisha. Nani kati yetu asingewapenda watu hawa? Mimi nawapenda sana.

Asubuhi moja maji yakaingia kwenye mafuta, injini ikazima. Upepo ulikuwa mzuri, ila ulikuwa unawasukuma kwenye mwamba, na ile meli ndiyo nyumba yao, hawana nyingine. Mume alifungua injini, akafunga, akafungua tena. Mwisho akainua kichwa.

"Mke wangu, lete tanga la baba yako."

Mke akalileta. Akasimama chini ya mlingoti, na hakujua aanze na kamba ipi. Wimbo aliukumbuka wote, kamba hakuzijua. Magurudumu ya kupitishia kamba yalikuwa yameganda kwa kutu. Wakavuta kwa nguvu zao zote, tanga likapanda, upepo ukalijaza, likachanika. Lilichanikia wapi? Kwenye mikunjo. Pale pale walipolikunja kwa upendo miaka yote ile.

Wakatupa nanga, na kwa rehema za Mungu ikashika, lakini usukani ulikuwa umeshagonga mwamba ukavunjika. Meli ya watu ikawavuta hadi bandarini.

Njiani mume akasema, "Hakuna waliolipenda tanga kama sisi."

"Tulilipenda," mke akajibu. "Tulilipenda likiwa limekunjwa."

Mnadhani nawasema wenye meli? Nasema juu yetu sisi. Mimi nililelewa katika nyumba ambayo baba alizima redio baada ya kula, hata kama mpira haujaisha. Tulipiga magoti mkekani, bibi akaanza kuomba, akimtaja kila mtu mtaani kwa jina, na magoti yanatuuma. Natamani jioni moja tu kama ile. Na ninyi mnazo zenu, nawaona mnavyotikisa vichwa. Tukikutana msibani tunazisimulia vizuri mno, tunalia kidogo, tunafuta macho, tunazikunja. Mtoto wako amekisikia mara ngapi kisa cha sala za bibi? Na sauti yako wewe ukiomba, je, anaijua?

Injini zetu ni nzuri. Mshahara upo, hospitali ipo, simu ipo, tunaenda. Sikatai. Lakini siku injini ikizima, utasimama chini ya mlingoti na wimbo mdomoni, usijue kamba ipi.

Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, baada ya chakula, zima televisheni. Usiwasimulie watoto jinsi bibi alivyokuwa anasali. Piga magoti, usali, wakusikie.