Mbuzi Aliyepewa Jiko

Paukwa!

"Pakawa..."

Nyie, mmekula au hamjala? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo zamani za kale, vyombo vya jikoni vilipokuwa na midomo kumshinda huyu Mshamu, palikuwa na mfalme mlafi, jina lake Shibe. Siku hiyo alikuwa na wageni. Akamwambia mtumishi wake, "Tia mbuzi jikoni upesi, wageni wale wali wa nazi!"

Alitaka mbuzi ya kukunia nazi. Mtumishi akatoka mbio, akarudi na mbuzi wa ndevu.

"Mbuzi mbuzi, bibi?"

Mbuzi mbuzi! Mwenye mkia! Jina lake Bi Ndevu, na shingoni ana kengele.

Mfalme akaona haya kusema amri yake imekosewa. "Huyo ndiye msimamizi wa jiko," akasema. "Adhuhuri wali uwe tayari. Usipoiva, tutamla msimamizi."

Masikini Bi Ndevu! Akawatazama wafanyakazi wake: Kibao wa kukunia nazi, kumbe ndiye mbuzi aliyetakiwa, Kifumbu wa kuchujia tui, Sufuria na Mwiko.

Kwanza akafoka. "Kibao, kuna! Kifumbu, chuja! Sufuria, chemka! Mwiko, koroga! Meee!" Wakatii wote kwa mkupuo mmoja. Kibao akakuna kizingiti. Kifumbu akachuja hewa. Sufuria akachemka mtupu mpaka akanuka. Mwiko akamkoroga paka.

"Aaa! Paka!"

Paka alihama, mwanangu. Ungekuwa wewe ungebaki?

Pili akatangaza zawadi. "Atakayewashinda wenzake atavaa kengele yangu!" Lo, ndiyo kwanza akaharibu! Kibao akakuna nazi sabini, akazikalia zote, Kifumbu hakupewa hata chembe. Sufuria akajifunika kifuniko Mwiko asiingie. Mwiko akasimama mlangoni anajisifu, "Mkorogaji ni mimi tu!" Jua likapanda. Kutoka sebuleni mfalme akauliza, "Kisu kimenolewa?"

"Wamchinje?"

Tulia, Riziki, usinililie. Hajachinjwa bado.

Tatu, Bi Ndevu akakaa sakafuni, machozi yakamlowesha ndevu. "Wenzangu, mimi kupika sijui. Mimi nala majani. Niambieni, kila mmoja anangoja nini kwa mwenziwe?"

Hakuna msimamizi aliyewahi kuwauliza.

"Mimi nataka mtu anikalie nisiyumbe," Kibao akasema. Bi Ndevu akamkalia.

"Mimi nangoja nazi ya Kibao," Kifumbu akasema.

"Mimi nangoja tui la Kifumbu," Sufuria akasema.

"Na mimi," Mwiko akasema kwa aibu, "nataka Sufuria aniambie wali unapoanza kushika chini. Kule mimi sioni."

Bi Ndevu akaivua kengele, akaitundika katikati ya jiko. Kila aliyemaliza akaigonga, ngili! akamwambia mwenziwe: "Nimemaliza, shika wewe!" Semeni.

"Ngili! Nimemaliza, shika wewe!"

Adhuhuri wali ukatoka, unanukia hadi paka akarudi. Mfalme akala sahani tatu, akalamba vidole. "Hodari! Kesho mnipikie huyo mbuzi."

Weee! Sufuria akajipindua kifudifudi. Mwiko akajificha nyuma ya mlango. Kifumbu akajikunja. Kibao akatoa meno. Hata moto ukajizima wenyewe, na wala hakuna aliyeutaja katika hadithi hii! Wakasema kwa sauti moja, "Mpike wewe, tuone utampikia wapi!"

Mfalme akakodoa macho. Akaitazama sahani yake, akalitazama jiko zima. "Basi," akanong'ona, "kesho Bi Ndevu asimamie wali tena."

Kwa hiyo, wajukuu zangu, ukipewa watu wa kusimamia, kufoka kutakukausha koo, na kuwagombanisha kwa kengele kutakuponza. Waulize wanangojeana nini, ukae nao sakafuni. Siku ya kisu utawaona upande wako.

Hadithi imeishia hapo, na sahani zenu zile chafu. Ngili! Nimemaliza, Mshamu, shika wewe!