Pimbi na Milango Miwili ya Ngiri

Paukwa! Pakawa! Mwenye masikio ategee, asiye nayo aazime kwa jirani.

Hapo kale, Ngiri alikuwa na kiwanda cha vyungu chenye milango miwili: wa mbele wa kuingilia, wa nyuma wa kutokea. Pimbi alikuwa akikanyaga udongo kwa vijiguu vyake mpaka unalainika.

Lakini Pimbi alikuwa hodari wa kususa. Siku moja akapewa ugali wa baridi, akasusa, akatokea nyuma. Akazunguka mbele, akaajiriwa kabla ya adhuhuri. Mara ya pili Nyani, mfanyakazi mwenzake, akamcheka kwamba hana mkia. Akasusa, akatoka, akazunguka, akaajiriwa. Kila mtu alifanya hivyo, na Ngiri hakujali, maana vyungu vilinunuliwa kabla havijapoa.

Mwaka ule mvua ikagoma. Asiye na mahindi anunue chungu apike nini? Vyungu vikarundikana. Pimbi akasusa mara ya tatu, eti Kobe kamkanyaga. Akatoka, akazunguka. Mlango wa mbele umefungwa.

Nje wakajaa tele waliosusa, Nyani na Kobe wakiwemo. Mvua ikarudi, mahindi yakakomaa, mlango haukufunguliwa. Ngiri anangoja wanunuzi, wanunuzi wanangoja ajira.

Mke wa Pimbi akasema, "Baba Mashavu, mafiga yamepoa. Kesho narudi kwetu." Pimbi akashikwa na hofu kwelikweli.

Umati ukamvamia Fisi, bawabu wa mlango wa nyuma. "Wewe ndiye unayetutimua."

"Mimi tena?" akasema Fisi. "Mwaka juzi walitoka watatu kwa siku. Mwaka jana watatu vilevile, tena wa kususa. Kaulizeni kwa nini hakuna anayeingia."

Pimbi akaenda kwenye tundu la mlango wa mbele. "Bwana Ngiri, zamani nani alinunua vyungu vyako?"

"Mke wa Nyani, mke wa Kobe, na mkeo."

"Kwa mshahara wa nani?"

"Wangu."

"Na sasa waume zao wako wapi?"

Ngiri akachungulia. Akawaona wote, wamekaa juani.

Akaita mmoja. Alipolipwa, mkewe akanunua chungu. Akaita wawili, vikanunuliwa viwili. Akaita wanne. Pimbi, mwenye maneno yote, akaingia wa mwisho, maana kwa ufupi wake hakuna aliyemwona. Mkewe alikuwa keshafunga mzigo. Akaufungua, akawasha moto.

Basi jamani, mkiona wengi hawana kazi, msimpige bawabu wa kutokea. Tazameni mlango wa kuingilia. Nawe unayesusa, chungulia kwanza.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Anayetoka atoke, ila asiniulize kama atarudi.