Huna Nyuma, Kitwana!

Mliiona. Msijifanye hamkuiona. Jana jioni baiskeli ilipita hapa haina taa nyuma, nanyi mkageuza shingo kama watu wanaoitwa kuchimba mtaro. Mama wa vitumbua peke yake ndiye aliyepaza sauti: "Taa ya mbele utaiona, ya nyuma utaambiwa!" Mkacheka. Leo mmekuja kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Hayakutoka kwa wahenga wa enzi za mikuki. Methali hii ilizaliwa na mume na mke walionuniana, na ilianza hivi.

Lumango, kwenye kiwanda cha sukari, waliishi Semeni na mumewe Kitwana. Wote walifanya kazi zamu ya usiku, Kitwana kwenye mitambo ya kukamua miwa, Semeni kwenye kushona magunia. Kutoka kwao hadi kiwandani ni barabara ya vumbi katikati ya mashamba, na wenye barabara hiyo ni matrekta yanayovuta matela ya miwa. Wafanyakazi waliwahi kuahidiwa nguzo za taa. Aliyeahidi alipigiwa makofi, akala pilau ya watu, akapanda gari akaenda zake. Nguzo hazijafika mpaka leo. Yeye amesahau, wao hawajasahau.

Basi kila mtu akajitafutia mwanga wake. Baiskeli zote za zamu ile zilikuwa na taa za dainamo zenye glopu za zamani za halojeni. Dainamo inasuguana na tairi, tairi inazunguka, glopu inawaka. Ukienda mbio unaona vizuri. Ukipanda mlima mwanga unageuka rangi ya chai. Ukisimama, giza.

Kitwana alichoka na mwanga wa chai. Akatafuta taa ya LED, akaifunga mwenyewe mbele ya baiskeli, kwenye nyaya zilezile za dainamo. Nyuma akaiacha glopu yake kuukuu. Jioni ya kwanza alipokanyaga pedali, miwa ilionekana jani kwa jani.

"Mke wangu, njoo uone mchana!"

Semeni akaitazama taa ile, kisha akaitazama ya kwake. "Na mimi?"

"Wewe utapita kwenye mwanga wangu."

Lo! Angesema tu "yako inakuja," mambo yangeishia hapo.

"Nipite kwenye mwanga wako? Mimi kumbikumbi?"

Kitwana akacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu kabisa. Mwanamke aliyepewa jina la Semeni akanuna mnuno wa kufuli. Chakula anapika, maji ya kuoga anapeleka, neno hatoi. Kitwana naye akawa anajibu kwa mluzi. Kila mmoja akaapa moyoni kwamba hataanza yeye.

Siku chache baadaye walitoka baada ya magharibi kama kawaida, mume mbele, mke nyuma. Semeni akatazama, akaona nyuma ya Kitwana ni peusi. Ile taa nyekundu haiwaki. Neno likamfika kwenye meno. Akalimeza. "Ataona mwenyewe," akajisemea. Ataonaje, naye hana macho kisogoni?

Hakusema. Lakini kumwacha hivyo hakuweza pia, maana mwanamume yule alimpenda hata katika mnuno. Akaongeza mwendo, akamfuata karibu kabisa, ili taa yake nyekundu iwe ya wote wawili. Kitwana akasikia mnyororo wake ukilia nyuma, akapiga mluzi wa ushindi. Kumbe kumbikumbi ameufuata mwanga!

Wakaenda hivyo kila jioni. Wala si Semeni peke yake aliyeona. Zamu nzima ilipita barabara ileile. Mmoja akasema moyoni, "Ana mkewe, atamwambia." Mwingine akasema, "Si anajidai na jua lake? Jua na limwambie." Ni watu wema hao, wa kuchangia harusi na kubeba jeneza. Wote wakanyamaza.

Kuna mlima kabla ya kiwanda. Jioni moja Semeni aliupanda mgongo ukimuuma kwa sababu ya magunia, mguu ukawa mzito, taa zake zikageuka chai mbele na nyuma. Kitwana mwenye miguu yake akamwacha. Ndipo trekta likanguruma nyuma yao, taa zake zimezibwa na vumbi. Dereva alikiona kile chekundu kilichofifia, akamkwepa Semeni, kisha akakanyaga mafuta kuelekea gizani. Katika giza lile alikuwamo Kitwana, na dereva hakuwa na habari naye.

"Kitwana! Toka barabarani! Huna nyuma!"

Kitwana akaisikia sauti ya mkewe, na kilichomjia kwanza ni furaha. "Umeanza wewe!" akapiga kelele bila kugeuka. "Leo umeanza—"

"Toka, mume wangu! Trekta! Huna taa nyuma!"

Mara moja akakata usukani, akaingia kwenye miwa baiskeli na yeye. Tela la kwanza likapita. La pili likapita, na miwa iliyoning'inia ikamvua kofia.

Semeni akaitupa baiskeli yake, akakimbia. Akamkuta ameketi mtaroni gizani, maana gurudumu lilikuwa limesimama, na ule mchana wake nao ulikuwa umezimika.

"U mzima?"

"Mimi mzima. Kofia ndiyo imetangulia kazini."

Akampiga kofi la bega, akamkumbatia, akampiga tena.

"Imezimika tangu lini?" Kitwana akauliza.

"Tangu siku chache baada ya kununiana."

"Na ulivyokuwa unanifuata karibu karibu vile..."

"Nilikuwa taa yako, baba wewe! Unapiga mluzi tu!"

Kitwana akaipapasa ile taa iliyokufa. "Semeni, ya mbele naiona. Ya nyuma ataniambia nani?"

Asubuhi aliifungua ile taa ya nyuma, akaikuta glopu imeungua, nyeusi kama chungu. Akaelewa kosa lake. Taa mpya hula umeme kidogo. Nguvu iliyobaki ya dainamo yote ilikuwa imemwagikia kiglopu kile kikongwe, kikapasuka moyo. Kubadili mbele bila kugusa nyuma ndiko kulikoizima. Akatafuta taa mpya ya nyuma kwa baiskeli yake, na za mbele na nyuma kwa ya mkewe, akaanza kufunga za mkewe.

Jioni Semeni alisimama kwenye lango la kiwanda. "Nani kati yenu aliiona taa ya mume wangu imekufa?"

Mkono mmoja ukainuka, kisha mingine.

"Taa ya mbele utaiona, ya nyuma utaambiwa. Mlikuwa mnamngoja nani aseme? Mimi nilikuwa na mnuno wangu. Ninyi mlikuwa na nini?"

Tangu siku ile, Lumango hakuna anayempita mwenzake kimya. "Nyuma!" hupaza mmoja. "Ipo!" hujibu mwingine. Na kama haipo, husimama wote.

Taa ya mbele utaiona, ya nyuma utaambiwa. Mmeielewa sasa. Kila mmoja wenu anamjua mtu anayekwenda gizani akidhani anaonekana, na kila mmoja anangoja mwingine akamwambie. Msiniitikie kwa kichwa. Inukeni mkamwambie, sasa hivi, kabla jua halijazama.